Mama Alikuwa Anatafuna Upande Mmoja



Leo siji na hina wala singo. Nakuja na meno ya mama yangu, na najua baadhi yenu mtajiuliza meno na harusi wapi na wapi. Vumilieni kidogo. Wengi wetu hapa tuna mama, shangazi au mama mkubwa aliyeko Marekani, ameshastaafu, ana kadi ya bima ya serikali kwenye mkoba na anaamini kadi ile inatibu kila kitu. Mimi pia niliamini hivyo mpaka Ramadhani ya mwaka 2025.

Sisi tuliishi Columbus, Ohio. Mama alipata bahati nasibu ya viza nikiwa na miaka 11, tukahama kutoka Unguja, naye akafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu akiwa na miaka 66. Huko ukifanya kazi na kukatwa kodi kwa miaka 10, ukifika miaka 65 unapata Medicare. Sehemu A, ya kulazwa hospitali, haina ada ya mwezi kwa mtu kama Mama. Sehemu B, ya daktari na vipimo, ada yake ya kawaida mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, na inakatwa kwenye pensheni kabla hujaiona.

Ramadhani ile nilikuwa na harusi kichwani, ya Disemba, nyumbani Unguja. Sikuwa namtazama Mama. Alikaanga sambusa kila siku na hakuzigusa. Kaimati alizilowesha kwenye chai. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Nimeshiba, mwanangu." Usiku mmoja nikaamka mapema kabla ya daku, nikamkuta kasimama jikoni gizani, karafuu kaibana kwenye shavu, machozi yanamtiririka. Karafuu za kwetu hizo, alizibeba mwenyewe kwenye sanduku.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mwaka juzi."

Miaka miwili mamaangu anatafuna upande mmoja, na mimi nakaa naye nyumba moja. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda kwa daktari, akasema alikwenda. Dirishani wakamwambia kadi yake haihusiki na meno. Akashukuru, akarudi nyumbani. Alikuwa na dola 6,000 alizoweka kidogo kidogo, lakini zile, alisema, ni za harusi yangu.

Ni kweli, kadi haihusiki. Tangu sheria ya Medicare ilipotiwa saini mwaka 1965, meno yaliwekwa nje: kusafisha, kuziba, kung'oa, meno ya bandia, vyote unajilipia. Ziko hali chache ambapo hulipa, kama mdomo unatakiwa utibiwe kwanza ndipo ubadilishiwe kiungo au kizibo cha moyo, au kabla ya tiba ya saratani ya kichwa na shingo, na tangu 2025 kwa wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo. Kama mzee wako yuko kwenye mojawapo ya hizo, muulize daktari wake kabla hujatoa senti. Mama hakuwamo, alhamdulillah.

Asubuhi yake nikampeleka kwa daktari wa meno, tukalipa ya kuangaliwa tu na kuandikiwa gharama. Nafurahi tulianza hapo, kwa sababu bila karatasi ile ningenunua bima ya kwanza niliyoiona. Kusafisha mpaka chini ya ufizi, dola 800. Kung'oa meno mawili, 400. Kutibu mzizi wa jino moja, 1,200, na kulivika kofia lile lile, 1,300. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, 1,600. Jumla dola 5,300. Mama akaikunja karatasi akaitia kwenye pochi kama mtu anayeficha barua ya deni.

Mtu wa mauzo aliyetupigia simu alituambia ipo bima ambayo "meno ni bure kabisa". Alikuwa anauza mpango wa Medicare Advantage, yaani kampuni binafsi inakupa Sehemu A na B kwa niaba ya serikali, na mara nyingi inaongeza meno na miwani. Ada ya ziada kwa huo ilikuwa sifuri. Bure yenyewe ilikuwa na kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka, kwa madaktari walioko kwenye orodha yao tu. Tena Mama alikuwa tayari kwenye Medicare ya kawaida, kwa hiyo nafasi yake ya kuhamia ilikuwa 15 Oktoba mpaka 7 Disemba, na mpango uanze 1 Januari. Harusi ingekuwa imepita.

Lakini lililonisimamisha ni jambo ambalo yule muuzaji hakulitaja, na nawaomba mlishike kwa sababu linatugusa sisi watu wa visiwani. Wazee wetu wakistaafu hawakai Marekani mwaka mzima. Wanakuja nyumbani kwa baridi, wanakaa miezi saba, minane. Mama alipanga kukaa Unguja Novemba mpaka Juni. Ukiwa nje ya eneo la mpango wa Advantage zaidi ya miezi 6 mfululizo, kwa kawaida wanakutoa, na meno yanaondoka nao. Unarudi kwenye Medicare ya kawaida, ambayo nayo nje ya Marekani haikulipii kitu ila kwa hali chache sana. Nilimuuliza yule bwana kuhusu hilo akasema, "Kwani mama yako anasafiri?" Hakuwa ameuliza.

Kuna pia kitu kinaitwa Medigap. Jina linadanganya, unadhani kinaziba kila pengo. Kinasaidia ile sehemu unayobakiwa kulipa hospitali na kwa daktari. Meno kwa kawaida hakina.

Ikabaki bima ya meno peke yake, inayouzwa na kampuni mbalimbali, na hii unaweza kuinunua mwezi wowote. Nilipata moja ya dola 42 kwa mwezi. Nikakaa sakafuni na kalamu. Mwaka mzima ni dola 504. Inalipa usafi wa kawaida wote, kung'oa asilimia 80, na kazi kubwa nusu, hadi dola 1,500 kwa mwaka. Kazi kubwa, kwao, ni mzizi, kofia na meno ya bandia, na kwa hizo unasubiri miezi 12 kwanza huku unalipa. Jino la Mama lilikuwa na usaha. Miezi 12 haipo.

Halafu nikasoma mpaka chini, penye maandishi ya sisimizi. Jino lililokwisha kung'oka kabla hujajiunga, hawalipii la kuweka mahali pake. Mama alishang'olewa meno mawili Unguja zamani, kabla hatujahama. Kwa hiyo hata tungesubiri mwaka, sehemu ya yale meno ya bandia wangeikataa. Tena hii inakufundisha mpangilio: mzee ambaye bado ana jino la kung'oa na halimuumi, ajiunge kwanza, ang'oe baadaye. Akianza kwa kung'oa, amejifungia mlango.

Mama akaniuliza swali ambalo mimi sikuliweka kwenye hesabu. "Na hii ni halali?" Medicare, alisema, walimkata kwenye mshahara kwa sheria, hakuulizwa. Hii ataichagua mwenyewe. Tukamwendea imamu wa msikiti wetu. Alitueleza kwamba mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, Jeddah, liliamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa na haifai, na likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Wapo pia wanazuoni wanaoruhusu kwa haja. Akamuuliza Mama: unaweza kulipa taslimu bila kudhurika? Mama akanitazama mimi.

Kusema kweli, mimi ningeinunua ile ya dola 42. Si kwa mwaka ule, kwa miaka inayofuata, maana muda wa kusubiri ungekuwa unakwisha yeye akiwa Unguja, na mtu wa miaka 67 jino la kuharibika halikosi. Tulibishana siku mbili, kwa adabu. Ila kwa usafi tu wa mara mbili kwa mwaka hailipi, hapo Mama alinishinda, na kwa mengine alisema dhamiri yake haitulii. Ni mdomo wake.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa ofisi ya OSHIIP, ya serikali ya jimbo la Ohio, inayoshauri watu kuhusu Medicare bila malipo na bila kuuza chochote. Kila jimbo lina ofisi kama hiyo kwa jina lake. Akatuambia tujaribu kliniki ya chuo cha udaktari wa meno. Wanaotibu ni wanafunzi, mwalimu anasimama nyuma anakagua kila hatua. Kila miadi ilichukua saa tatu, na kazi yote ilitoka Mei mpaka Septemba. Mama alikuwa anashusha tasbihi kwenye kiti. Tulilipa dola 2,600 kwa kazi ile ile ya 5,300.

Zilitoka kwenye pesa za harusi. Sikumwuliza, nilikwenda nikafuta ukumbi. Nilililia jukwaa la maharusi usiku mmoja, sitawaficha, maua yake nilishayachagua. Harusi ikawa uwani kwa bibi, Malindi, kwa mikeka na taa za kukodi. Somo wangu alinuna wiki nzima.

Basi bibi harusi, unapokaa na mama kuandika bajeti, muulize anatafuna upande gani. Na kama yuko Marekani, omba karatasi ya gharama kabla ya karatasi ya bima, na muulize atakaa kisiwani miezi mingapi.

Mama yuko hapa mpaka Juni. Usiku anayavua yale meno anayaweka kwenye gilasi ya maji juu ya kabati. Mtoto wa kaka yangu aliyaona siku ya kwanza akakimbia hadi barazani akipiga kelele, na Mama akacheka mpaka akakaa chini, bila meno, bila kuziba mdomo.