Miaka Nane ya Kazi, Mshahara wa Anayeanza Leo

Wasee, leo tuongee mshahara wa walimu. Najua, sio kitu ya kukufanya uache chakula. Lakini kaa kidogo, kwa sababu hii story inakuhusu hata kama ulimaliza Form Four ukiapa hutawahi kushika chaki.

Swali lenyewe ni hili. Mtu amefanya kazi miaka nane nje ya shule, kazi yenye ujuzi. Halafu anasomea ualimu na kuingia darasani kufundisha kitu kile kile alichokuwa akifanya kwa mikono yake. Hiyo miaka nane ihesabiwe anapopangiwa mshahara, ama aanze sifuri kama aliyetoka chuo juzi?

Mimi nasema ihesabiwe. Isihesabiwe yote, wala ya kila mtu, wala bila ushahidi. Lakini ihesabiwe.

Niwaambie naongea kuhusu nani. Auntie yangu, mdogo wa mathe, alisoma kilimo Egerton, pale Njoro. Alipomaliza akapata kazi kwenye mashamba ya maua upande wa Naivasha. Alianza chini kabisa: kutembea ndani ya grinihausi asubuhi, kugeuza majani ya waridi na kuhesabu wadudu. Kufikia mwaka wa nane alikuwa anasimamia sehemu nzima ya uzalishaji. Anajua utitiri unapoanza kabla macho yako hayajauona. Anajua kwa nini ua linaloonekana poa hapa kwetu litafika Uholanzi likiwa na ukungu na kukataliwa. Anajua maji yenye mbolea yakikosewa pH, mmea unakufa njaa na chakula kiko pale pale kwenye mizizi.

Halafu akachoka na shamba. Sio kazi yenyewe, ni zile saa. Wiki za kabla ya Valentine watoto wake walikuwa wanamwona akiwa amelala tu. Na kitu alichopenda zaidi kazini kilikuwa kufundisha vijana wapya. Akarudi chuo, akafanya diploma ya uzamili ya elimu, akasajiliwa kama mwalimu, akapata shule hapa Nakuru. Sitaitaja, na sitataja mwajiri, kwa sababu hii sio vita ya shule moja.

Fomu aliyojaza siku ya kuanza ilikuwa na sehemu ya miaka ya uzoefu. Aliandika nane. Ofisini ikakatwa, ikaandikwa sifuri. Alipouliza, akajibiwa kwa heshima tu: "Madam, hapa tunahesabu kuanzia siku umeingia darasani." Mwenzake wa meza ya pili kwenye staffroom alikuwa na miaka 23 na hajawahi kuajiriwa popote. Mshahara wao ulikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho.

Sasa tutoke kwa auntie, tuangalie mfumo mkubwa, kwa sababu wazo la kuanza sifuri halikuzaliwa kwa hiyo shule.

Walimu wa umma wanaajiriwa na TSC, tume iliyoanzishwa 1967 na ambayo sasa iko ndani ya Katiba ya 2010, Kifungu cha 237. Mwalimu mpya wa sekondari mwenye digrii huingia ngazi ya C2. Kila ngazi ina mshahara wa chini na wa juu, na unapanda kidogo kidogo kwa nyongeza ya kila mwaka. Kwenye mkataba wa 2017 hadi 2021, C2 ilianza shilingi 34,955 na kuishia 43,694. Tofauti ya chini na juu ni 8,739 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 104,868. Mishahara imeongezwa tangu hapo, lakini umbo la ngazi ni lile lile: ndani ya ngazi moja, miaka ndiyo pesa. Kwa hivyo mtu akifuta miaka yako, amefuta pesa. Usidanganywe ni mambo ya makaratasi.

Na kuna kitu kingine kinanichekesha kwa uchungu. Kwenye ajira za walimu za miaka ya karibuni, kati ya vitu vinavyokupa alama ni muda uliopita tangu uhitimu kama mwalimu. Nia yake naielewa: waliongoja sana wasisahaulike. Lakini fikiria wawili waliohitimu mwaka mmoja. Mmoja amekaa kwao Molo akingoja simu. Mwingine ameenda Olkaria, akafanya kazi kwenye mitambo ya mvuke miaka mitano, na somo lake la kufundisha ni fizikia. Kwa kipimo hicho cha muda, wako sawa. Kalenda imehesabiwa, kazi haijahesabiwa.

Mtaniambia, "Lakini hao walifanya kazi nyingine, sio ualimu." Sawa. Basi tuangalie waliofanya ualimu wenyewe. Mwaka 2023 JSS ilipoanza, maelfu ya walimu waliingizwa kama wanagenzi, wale tunaowaita maintern, kwa posho ya shilingi 20,000, na baada ya makato ilikuwa kama 17,000. Walikuwa wamesajiliwa, wanafundisha masomo kamili, wanasahihisha, wanasimamia michezo. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema haikuwa halali kuwaajiri walimu waliohitimu kwa mtindo huo. Mei wakagoma. Januari 2025, walimu 46,000 hivi wakaingia kwenye ajira ya kudumu. Hata hesabu ya kupandishwa cheo inahitaji miaka: kutoka C2 kwenda C3 ni angalau mitatu. Ukianza kuhesabiwa umechelewa, kila kitu mbele yako kinachelewa, mpaka pensheni.

Kwa hivyo ugonjwa ni mmoja. Mwajiri anataka ujuzi wako uje nao, lakini hataki kuulipia.

Wacha nitende haki kwa upande wa pili, kwa sababu nilimpelekea hii hoja mwalimu aliyenifundisha Kiswahili, mzee wa miaka thelathini darasani, na hakunibembeleza. Alisema: "Kijana, mimi nilianza na darasa la watoto sitini na mshahara ambao haungetosha nauli ya mwezi. Sasa mtu aje kutoka kampuni, amekula vizuri huko, halafu awekwe juu ya mwalimu aliyevumilia hapa miaka minne? Huyo wa miaka minne utamwambia nini?"

Maze, hiyo ilinigonga. Na auntie mwenyewe anakubali nusu yake. Muhula wa kwanza, huyo dem wa miaka 23 alikuwa mwalimu bora kuliko yeye. Alijua kunyamazisha darasa kwa macho tu. Alijua kupanga somo la dakika 40 liishe dakika ya 40. Auntie alikuwa anaongea mpaka kengele inamkata katikati, vitabu sitini vya kusahihisha vinamfuata nyumbani. Kusimamia grinihausi hakukufundishi kusimamia Gredi ya 8 saa nane mchana.

Lakini muhula wa pili mambo yakabadilika. Sukuma kwenye shamba la shule zikaanza kuwa njano. Kitabu kinasema upungufu wa naitrojeni, ongeza mbolea. Auntie akawaambia watoto wasiongeze chochote, wapime maji kwanza. Wakapima, wakakuta shida iko kwenye maji ya kisima, wakarekebisha, sukuma zikarudi. Vijana wawili kutoka Kaptembwa wakaenda kufanya hivyo hivyo kwenye magunia ya mboga ya mama yao. Hiyo huwezi kuisoma usiku mmoja kwenye kitabu cha mwalimu. Hiyo ni miaka nane inaongea.

Kwa hivyo jibu langu kwa mwalimu wangu ni kwamba mwaka wa shamba haulingani na mwaka wa darasa. Lakini pia haulingani na sifuri. Kati ya moja na sifuri kuna nafasi kubwa, na hapo ndipo tunafaa kubishania.

Na sio kama tunabuni gurudumu. Mwongozo wa rasilimali watu wa Tume ya Utumishi wa Umma wa 2016, ule wa wafanyakazi wa serikali, unaruhusu mtu apewe nyongeza moja kwa kila mwaka kamili wa uzoefu uliokubaliwa, alioupata baada ya kufikia masomo yanayohitajika, mradi asipite kilele cha ngazi yake. Soma tena. Wazo tayari liko kwa serikali hii hii, limeandikwa. Marekani pia, baadhi ya wilaya za shule humpa fundi anayekuja kufundisha ufundi ngazi kadhaa za mshahara kwa miaka aliyofanya kazi. Na hapa nyumbani tuna KNQA inayosimamia utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na NITA inampima fundi wa jua kali na kumpa gredi. Yaani nchi inaweza kumpima welder wa Shabab na kusema, "Huyu anajua." Inashindwaje kumpima mwalimu wake?

Mimi ningependekeza hivi. Kwanza, miaka ya kufundisha ihesabiwe yote, iwe ulikuwa intern, uliajiriwa na bodi ya shule, ama ulikuwa shule ya kibinafsi, bora ulikuwa umesajiliwa. Hao ndio wa mbele kwa laini, na mwalimu wangu yuko sahihi kuwatetea. Pili, miaka ya kazi nyingine ihesabiwe nusu, na iwe inahusiana moja kwa moja na somo unalofundisha. Kama uliuza simu ukaja kufundisha kemia, pole, hiyo ni ya kwako. Tatu, kuwe na kikomo, tuseme nyongeza nne, ili asiyewahi kufundisha asimpite mwalimu aliyezeeka kazini. Kwa auntie, miaka nane ingekuwa minne. Angekuwa sawa na yule wa miaka minne, hajamruka mtu.

Pesa zitatoka wapi? Hilo ni swali halali, na siwezi kulimaliza hapa. Lakini wanaohusika ni wachache, sio walimu wote wa nchi. Swali gumu zaidi ni uongo. Mwaka 2024 PSC ilitangaza kwamba ukaguzi wake umepata vyeti ghushi zaidi ya 2,000 kwenye taasisi za umma. Kama watu wanachapisha digrii, barua ya "alifanya kazi kwetu miaka kumi" ni kitu ya dakika tano pale saiba. Ndio maana barua peke yake isitoshe. Kuna rekodi za NSSF zinazoonyesha nani alikulipia na miezi gani. Kuna rekodi za kodi za KRA. Hizo ni ngumu kupika.

Sasa mbona nawaambia nyinyi, na wengi hamjafika hata 25?

Sababu ya kwanza: Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na njia moja kati ya tatu ni ya STEM. Ndugu zenu wadogo wako huko. Wanahitaji mtu aliyewahi kushika waya wenye moto, aliyewahi kuandika programu ikakataa, aliyewahi kupoteza mazao. Mtu kama huyo ana miaka 33, ana watoto, ana kodi ya nyumba. Ukimwambia aanze sifuri, atabaki kampuni. Simlaumu.

Sababu ya pili: hakuna mtu kizazi chetu atafanya kazi moja mpaka azeeke. Utafanya kontenti, utauza nguo, utaajiriwa, utafutwa, utasoma tena. Kila ukivuka mlango, mtu atakuambia ya nyuma haikuwa kitu. Zoea kuuliza, "Hii nayo mnaihesabu vipi?" Uliza kabla ya kusaini. Na kuanzia kazi yako ya kwanza, hata ya miezi mitatu, weka barua ya kuajiriwa, weka ya kuondoka, angalia kama NSSF yako inalipwa kweli.

Auntie amepigiwa simu na shamba moja upande wa Naivasha. Wanamtaka arudi, na wao wanahesabu miaka yote nane, tena wanaongeza ile ya darasani kama uzoefu wa kufunza wafanyakazi. Ana mpaka mwisho wa muhula kujibu. Sijui atasema nini, na mimi simsukumi. Najua tu kwamba Gredi ya 8 yake imeanza kupima maji ya kisima kila Ijumaa bila kuambiwa, na akiondoka, mwenye kukosa mwalimu sio mimi wala wewe.