Giheta hadi Dar es Salaam

Kwa mstari ulionyooka angani, kutoka Giheta, Burundi, hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 1,100. Ndege ya jeti huumaliza mwendo wa namna hiyo kwa muda usiofika saa mbili. Lakini Giheta hakuna ndege ya abiria. Gitega, mji jirani, ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019, ila safari za kimataifa zimebaki Bujumbura, kwenye uwanja wa Melchior Ndadaye, karibu na Ziwa Tanganyika.

Basi abiria anayekwenda mashariki huanza kwa kwenda magharibi. Haisi inapita Muramvya, inapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, halafu inateremka kona baada ya kona mpaka ziwani. Malori hupanda mlima huo kwa kujikongoja, na vijana wenye baiskeli huyashika kwa nyuma wavutwe. Ni jambo la hatari linalofanyika kila siku. Saa mbili au tatu zimekwenda, bado foleni za uwanjani. Na ukichora mstari wa Bujumbura–Dar kwenye ramani, utaona unapita kusini kidogo tu ya Gitega. Msafiri hurudishwa juu ya vilima vilevile alivyoviacha asubuhi!

Mimi nilishika njia ya Muyinga.

Kutoka Gitega barabara inavuka mto Ruvubu, inapita Karuzi, inaelekea kaskazini-mashariki. Ruvubu nao unaelekea hukohuko: unaingia Tanzania, unakutana na Kagera karibu na Rusumo, na maji yake yanaishia Ziwa Victoria na Nile. Muyinga mjini kuna Waislamu wengi, na Kiswahili kinasikika sokoni, kwa hiyo mgeni kutoka pwani hakosi wa kusalimiana naye.

Mpakani Kobero mambo matatu yanabadilika kwa mpigo. Faranga inaipisha shilingi. Magari yaliyokuwa yakienda kulia yanahamia kushoto. Saa nayo inasogezwa mbele: saa nne ya Burundi ni saa tano Tanzania, na anayesahau hili huachwa na basi.

Baada ya Kabanga, upande wa Tanzania wa mpaka huo, ni Ngara, Lusahunga, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma. Kwa barabara, Giheta hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,400, na hakuna anayezimaliza bila kulala njiani au kusinzia kitini.

Dodoma, msafiri aliyechoka na basi anaweza kupanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dar mwaka 2024. Saa chache tu amefika. Tawi la reli hiyo limepangwa kutoka Uvinza kuingia Burundi hadi Musongati, na baadaye Gitega. Likifika, mtu wa Giheta atapata stesheni umbali wa kilomita chache kutoka nyumbani, na safari yake itaelekea kusini-mashariki tangu mwanzo.