Vitoto vya Samaki Wangu

Likizo iliyopita mjomba alinipa samaki wawili wa gapi, jike na dume, nami nikawaweka katika tangi dogo la kioo. Asubuhi moja nikaona vitoto vyembamba kama sindano. Kumbe gapi hatagi mayai, huzaa! Nilivihesabu 26. Furaha haijaisha, mama yao akameza viwili. Upesi nikavichota kwa kikombe, nikavitia katika chupa pana yenye maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili dawa itoke.

Chakula chao kilikuwa kiini cha yai la kuchemsha, nilichokisaga kwa vidole. Kwa huruma nilikitia kwa wingi, mara nne kila siku. Siku ya tatu maji yalikuwa meupe, yananuka, na vitoto 15 vimekufa. Nilisikitika mno: mama yao aliua viwili, mimi mwenye huruma niliua 15.

Tangu hapo nilitia chembe chache tu, na kila siku nikabadili robo ya maji. Vitoto 9 vilikua. Niliporudi bwenini nilimwachia mdogo wangu, nikamwonya, "Ukivihurumia sana, utaviua."