Leya Hazipati Laiki, Lakini Ndizo Zilizoniaibisha Mutituni

Wasee, nianze na siri ya hii kazi yetu ya kuchora. Ukiposti picha ya 3D ya jumba lenye vioo, taa za jioni na gari la bei mbele ya geti, laiki zinaingia kama mvua ya Novemba. Ukiposti orodha ya leya za mchoro huo huo, utabaki na mamako na yule beste mmoja anayelaiki kila kitu.

Mimi nilikuwa timu ya picha. Leya na bloku niliziona kama kazi ya wazee wasio na haraka. Halafu dirisha moja kule Mutituni likanikalisha chini.

Nilikuwa nimepata kazi kwa ofisi ndogo ya michoro hapa Machakos mjini, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na mama anajenga Mutituni, nyumba ya vyumba vitatu vya kulala kwenye ploti ya 50 kwa 100. Mchoro ulianzwa na mtu mwingine aliyeondoka kabla sijafika. Siku moja mama akapiga simu: madirisha ni madogo, anataka mwanga. Yalikuwa na upana wa milimita 1200, alitaka 1500.

"Hiyo ni dakika kumi tu, mwaitu," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa na confidence ya mtu ambaye bado hajafungua faili.

Nikafungua. Kila kitu kilikuwa kwenye leya moja, ile leya 0 ambayo AutoCAD hukupa bure ukianza. Kuta, milango, vitanda, sinki, mpaka wa ploti, vipimo, vyote pamoja. Aliyechora alikuwa amepaka rangi kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa hivyo kwa macho ilikaa safi kabisa. Halafu yale madirisha hayakuwa bloku tena. Mtu aliyapiga EXPLODE, yakawa mistari mitupu tu, kila dirisha kivyake.

Yalikuwa madirisha tisa. Nikaanza kuyavuta moja moja huku nikisikiliza muziki. Nikabadilisha pia orodha ya madirisha pembeni: tisa, 1500 kwa 1200. Tukachapisha, mama akabeba.

Nilikuwa nimebadilisha manane. La tisa lilikuwa chumba cha nyuma, limejificha kwa mistari ya pazia na kitanda.

Unaona kilichofuata? Fundi wa mawe alijenga kwa kufuata ramani, akaacha tundu la 1200. Fundi wa kuchomelea vyuma alifuata orodha, akatengeneza fremu tisa za 1500. Siku ya kufunga, manane yakaingia vizuri. La tisa likagoma.

Simu ilipokuja ofisini, tayari mama alikuwa ameamua mwenye makosa ni nani. "Huyu welda hakupima tundu. Atengeneze lingine kwa pesa yake." Na kweli, welda makini hupima tundu kabla ya kukata chuma. Lakini huyu alikuwa ameharakishwa, akapewa karatasi, akaiamini. Karatasi ilikuwa yangu.

Nikanyamaza. Siku mbili. Nilijiambia labda fundi wa mawe ndiye alikosea, labda ni ule mchoro wa zamani. Usiku wa pili nikafungua faili nyumbani, nikazuum chumba cha nyuma, na hapo nikaliona: 1200, limekaa tu kitandani kama mgeni.

Asubuhi nikapanda matatu ya Mutituni. Nilipomaliza kueleza, mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe huyo fundi nimemtukana bure." Hiyo iliniuma kuliko zile shilingi 6,500 za fremu mpya nilizolipa kwa M-Pesa, vipande vitatu.

Sasa wacha niwaambie leya ni nini, maana mimi niliielewa nikiwa nimeshachelewa.

Ofisini kuna mzee aliyeanza kuchora kabla kompyuta zifike kazini kwake. Alikuwa akitumia wino na karatasi inayopitisha mwanga, na kosa ukilifanya unalikwangua na wembe. Aliniambia walikuwa wakichora kuta kwenye karatasi moja, umeme kwenye nyingine, mabomba kwenye nyingine, halafu wanazilaza moja juu ya nyingine. Ukitaka kuona mabomba peke yake, unatoa zile zingine. Leya ndiyo hiyo. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982 watu walikuwa tayari wana hii akili, kompyuta ikaihamisha tu kutoka mezani hadi kwenye skrini.

Kama madirisha yangekuwa kwenye leya yake, ningechagua moja, nipige amri ya LAYISO ikiwa imewekwa kuzima leya zingine, na kila kitu kingine kinaenda. Ningebaki na madirisha tisa kwenye skrini nyeusi. Pazia gani tena la kuficha?

Bloku nayo ni kama kalibu ya matofali. Unachora dirisha mara moja, unalipa jina, halafu unaliweka popote unapotaka. Lakini kuna tofauti kubwa: ukibadilisha kalibu leo, matofali ya jana hayabadiliki. Kwenye kompyuta yanabadilika. Unahariri bloku moja, zote tisa zinafuata. Hili wazo ni la zamani kuliko wazazi wa wengi wenu. Ivan Sutherland alilionyesha kwenye programu yake ya Sketchpad huko MIT, Marekani, mwaka 1963: ukibadilisha mchoro mama, nakala zake zote zinabadilika.

Na nisidanganye, bloku ya kawaida haikati ukuta yenyewe. Bado ningehitaji kurekebisha mistari ya ukuta kwa kila dirisha. Lakini dirisha la 1500 likikaa juu ya tundu la 1200, linajitokeza mpaka kipofu analiona. Kosa lingepiga kelele kwenye skrini, badala ya kungoja mpaka lifike Mutituni.

Kuna mambo machache ninayofanya siku hizi, na hayahitaji kozi ya pesa nyingi:

Ndani ya bloku, nachora kwenye leya 0, na rangi naiacha ifuate leya. Hivyo nikiiweka bloku kwenye leya ya madirisha, inavaa rangi ya madirisha yenyewe. Leya 0 ni ya kazi hiyo, si ya kutupia kila kitu.

Mpaka wa ploti kutoka kwa sovea naufunga na kufuli. Hakuna mtu anatakiwa kuusogeza hata kwa bahati mbaya.

Nikitaka kuficha leya kabisa, naigandisha, siizimi tu. Leya iliyozimwa huioni, lakini ukichagua vyote kwa ALL na kufuta, vitu vyake navyo vinaenda. Iliyogandishwa inabaki salama.

Sichori kitu cha maana kwenye leya inayoitwa Defpoints. Kwenye skrini utakiona, kwenye karatasi hakitachapishwa, na utalaumu printa ya watu bure.

Jina la leya linasema kitu. KUTA, MILANGO, MADIRISHA, MABOMBA. Nikikuta faili ina "Layer1", "Layer2" na "mpya mpya kabisa", najua kuna mtu atalia.

Na EXPLODE siigusi kwa sababu tu nimeshindwa kuhariri bloku. Ile ni kama kuvunja kalibu kwa sababu tofali moja limekukasirisha.

Najua kuna msee ataniambia, "Bro, klayenti anataka mchoro leo, hana haja na leya zako." Ni kweli hana haja nazo. Mama wa Mutituni hatawahi kufungua faili ya DWG maishani mwake. Welda pia. Na hiyo ndiyo shida yenyewe. Wanaopata hasara ukichora ovyo ni watu ambao hawawezi kuona kwamba umechora ovyo. Wao wanaona karatasi iliyonyooka na muhuri, wanaiamini, wanakata chuma.

Ndiyo maana sikubali tena ile hadithi kwamba kupanga faili ni mambo ya ustaarabu tu, eti ukipata muda. Mchoro wa nyumba hauishi siku ya kuchapishwa. Mama atabadilisha dirisha, kaunti itataka choo kisogezwe, pesa itapungua na chumba kiondoke. Swali si kama mchoro ni mzuri leo. Swali ni kama mtu mwingine, au wewe mwenyewe ukiwa umechoka, anaweza kuubadilisha kesho bila kuharibu.

Ule mchoro nilimlaumu sana aliyeuanza. Halafu wiki moja baadaye nikafungua michoro yangu mwenyewe ya chuo. Leya 0, rangi za mkono, bloku zimelipuliwa. Yule jamaa na mimi tulikuwa mtu mmoja.

Welda bado tunaonana mjini. Nilimwomba msamaha, akacheka, akasema siku hizi anapima kila tundu hata karatasi ikiwa na muhuri wa Rais. Juzi aliniletea kazi ya binamu yake, ramani ya duka. Kitu cha kwanza nilichofanya kabla ya kuchora hata mstari mmoja ni kufungua orodha ya leya na kuandika majina.

Wewe fungua faili yako ya mwisho sai hivi, uzime leya ya madirisha. Kama hakuna kilichotoweka, ama nyumba nzima imetoweka, tuongee kwenye komenti.