Kuonja ramu nikiwa mgeni

Leo natoka nje ya mada kabisa. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya tatu ya mafunzo ya Python, ipo njiani, msinipigie kelele. Nina jambo ambalo limenikaa kichwani wiki mbili sasa, na nikishaliandika huenda nikarudi kwenye msimbo nikiwa na akili timamu. Asiyependa habari za vileo aruke hii, tuonane ijayo.

Kwanza mjue mimi si mnywaji wa kusifika. Nimekulia Subukia, na nyumbani kwetu pombe kali ilikuwa mwiko. Bia nilianza nikiwa chuoni, moja, mbili, basi. Kali sikuigusa mpaka nilipofika miaka 34, na sababu nitaieleza mbele kidogo.

Mambo yalianza hapa mjini Nakuru, ofisini, siku tuliyokabidhi mfumo wa kuhesabu maziwa kwa ushirika mmoja wa wafugaji. Mwenzetu alikuwa ametoka London na chupa ya Appleton Estate, ramu ya Jamaika. Kila mtu akamiminiwa kidogo kwenye kikombe cha chai. Mimi nikanusa tu, nikasema, "Hii ni molasi ya ng'ombe." Wote wakaangua kicheko. Lakini nilikuwa sahihi! Mfugaji yeyote wa Njoro, Rongai au Bahati anaijua hiyo harufu: mtungi wa lita ishirini kutoka duka la dawa za mifugo, unachanganya na maji, unanyunyizia mabua makavu ya mahindi ili ng'ombe ayale bila kununa. Ni ule uji mzito mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa kwenye juisi ya miwa. Ramu nyingi duniani hutengenezwa kwa huo huo. Unaongezwa maji na hamira, unachacha, kisha unachemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa pombe kali. Hapa kwetu pia, kule Muhoroni kuna kiwanda ambacho miaka mingi kimekuwa kikigeuza molasi ya viwanda vya sukari kuwa alkoholi na hamira.

Basi nikaingiwa na udadisi. Nimetoa molasi kwenye ndoo utoto wangu wote na sikujua kuwa kuna mabaharia waliopewa mgao wa ramu iliyotokana na kitu hicho.

Nilifanya kama mtu yeyote wa kazi yetu angefanya: nikatengeneza jedwali. SQLite, safu tano tu: tarehe, kinywaji, mililita, bei, maelezo. Kanuni yangu ilikuwa toti moja, mililita 30, na lazima niandike nimenusa nini na nimeonja nini.

Tatizo la kwanza la mgeni ni kwamba huwezi kununua kidogo. Sheria ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa kuwa aliyeisukuma bungeni alikuwa John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, ilikataza pombe kuuzwa kwenye chombo cha chini ya mililita 250. Kwa hivyo anayetaka kuonja aina tano ananunua kota tano. Rafu yangu ya vitabu ikaanza kufanana na duka lenye dirisha la vyuma.

Chupa ya kwanza ilikuwa Kenya Cane, maana ndiyo niliyokuwa nikiiona kwenye kila bango tangu shule ya msingi. Maelezo yangu ya siku hiyo, nayanakili yalivyo: "Spiriti ya hospitali. Koo linawaka. Sijaona muwa." Nilikuwa nimefanya makosa yote. Nilizamisha pua ndani ya glasi, na mvuke wa alkoholi ukanichoma nisisikie kingine chochote. Nilimeza haraka kama dawa ya minyoo. Baadaye nilijifunza: acha glasi ikae dakika chache, nusa ukiwa mbali, mdomo wazi kidogo, kisha tia matone ya maji. Matone tu. Mara ya pili nikapata utamu mdogo kwa mbali, kama ule unaobaki mdomoni ukishatema makapi ya muwa. Si mengi, lakini upo. Kinywaji hicho husafishwa sana kwenye mtambo na hakina rangi. Usitarajie hadithi ndefu.

Konyagi ya Tanzania ilinichekesha kwa jina. Konyagi kwa Kiswahili ni brandi, neno limetokana na ile ya Ufaransa ya zabibu, lakini iliyomo kwenye chupa ya Konyagi haikutokana na zabibu hata moja, ni ya molasi. Kwa hiyo ni binamu wa ramu aliyesajiliwa kwa jina la ukoo mwingine. Niliipenda kuliko nilivyotarajia. Ina kitu kama ganda la ndimu.

Captain Morgan ile ya viungo ni vanila, vanila, na vanila tena. Keki ya harusi. Sina la kuongeza.

Kisha nikarudi kwa Mjamaika (mwenzangu aliniachia nusu ya chupa, Mungu ambariki). Hapa ndipo nilipokaa. Ramu hii imelala kwenye mapipa ya mwaloni, na ubao ndio uliompa rangi na ile harufu ya dari la nyumba mpya. Chini yake kuna molasi. Na chini zaidi kuna ndizi zilizopita kuiva, kabisa kama soko la Wakulima saa kumi jioni siku ya jua, wakati akina mama wanapunguza bei ili wasirudi nazo. Nilidhani pua yangu imeharibika. Kumbe Jamaika inasifika kwa hilo: kule huacha molasi ichache kwa muda mrefu, na vijidudu hutengeneza kemikali za esta. Mojawapo ya hizo esta ndiyo ileile inayoipa ndizi harufu yake. Yaani si mfano wa kishairi, ni molekuli moja. Nilifurahi kama siku niliyopata hitilafu iliyonisumbua mwezi mzima :-)

Jini (ile ya chupa, si ya Pwani) nayo ilinipa zawadi. Inatiwa ladha kwa vitunda vya mti wa jamii ya juniperi, na sisi tunao wetu wa nyanda za juu, tunaouita mutarakwa, au sida. Ndiyo hizo nguzo za ua kuanzia Molo hadi Kijabe, na ndiyo mbao za penseli. Kuna jini ya Nairobi iitwayo Procera, na jina hilo ni la kisayansi la mti huohuo. Bei yake ilinifanya nionje ya mtu. Nilipoinusa nikarudi darasa la pili, nachonga penseli kwa wembe.

Na wiski ya moshi, Laphroaig ya Uskoti. Wenzangu walikunja nyuso wakasema ni Dettol. Jirani yangu Mkalenjin alionja, akanyamaza, akasema, "Hii inanikumbusha mursik." Ni kweli. Maziwa ya kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na shayiri iliyokaushwa kwa moshi wa mboji, vimekutana mahali. Asiyewahi kunywa mursik hawezi kuielewa hiyo wiski upesi, na nadhani Waskoti hawajui hilo.

Sasa ile sababu.

Kaka yake mama, mjomba wangu, haoni. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa kunywa pombe yenye methanoli. Mjomba hakufa. Alinunua chupa ya plastiki yenye lebo, akanywa jioni, akalala. Kesho yake aliona ukungu mweupe, na jioni hakuona kitu. Haikuwa mara ya kwanza nchini. Novemba 2000 watu zaidi ya 130 walikufa Nairobi kwa namna hiyo hiyo, na Februari 2024 watu 17 kule Kirinyaga. Tangu siku hiyo mama alinitaka nimwahidi kuwa kali haitapita mdomoni mwangu, nikaahidi.

Wengi hudhani ni chang'aa kuchemshwa vibaya. Nami nilidhani hivyo, kwa sababu methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na ethanoli 78 (hizo ni namba za pwani, Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, kila kitu huchemka mapema, hata maji kwenye 94). Ila miwa, molasi na nafaka vikichacha hutoa methanoli kidogo sana. Kinachoua watu kwa makumi ni methanoli ya viwandani, ya kuyeyushia rangi na kusafishia, ambayo mtu ameimimina kwenye pipa kwa sababu ni rahisi. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mshipa wa jicho. Dawa mojawapo hospitalini ni ethanoli yenyewe. Fikiria seva yenye foleni: kimeng'enya ni kimoja, ethanoli hupewa kipaumbele, methanoli husubiri huku mwili ukiitoa polepole bila kuigeuza sumu. Ndiyo maana saa chache za kwanza ni kila kitu. Ukungu ukitanda machoni baada ya kunywa, usilale. Nenda hospitali usiku huohuo.

Hayo yote niliyasoma nikiwa na glasi mkononi, na ahadi nimeivunja. Nilijiambia mimi si mlevi, mimi ni mwonjaji. Nina jedwali.

Wiki mbili zilizopita nilitaka kuchora grafu ya bei dhidi ya ladha niwaonyeshe hapa. Nikaandika hoja ya mstari mmoja. Jumla ya mistari ilikuwa 31. Yenye maelezo ilikuwa 13. Na tisa za mwisho mfululizo hazikuwa na neno hata moja. Tarehe, jina la kinywaji, mililita. Mililita zenyewe hazikuwa 30 tena. Kulikuwa na 60, kulikuwa na 90, na mmoja wa 150. Nikalinganisha tarehe na kumbukumbu za kazini. Usiku saba kati ya hizo tisa ni usiku ambao mfumo wa mteja ulikuwa umelala, nami nimekaa mbele ya skrini peke yangu hadi saa nane.

Nilikaa nikiitazama ile safu tupu. Hakuna aliyeniona, hakuna aliyenisema. Nilikuwa nimeandika ushahidi mwenyewe, kwa hiari, kwa lugha ninayoijua kuliko zote.

Jumamosi nikapanda matatu kwenda nyumbani. Nilibeba ile chupa ya Jamaika, imebaki kama vidole viwili. Sijui nilikusudia nini. Labda kuungama na kidhibiti mkononi. Mama alikuwa jikoni, mjomba amekaa nje kwenye kiti chake upande wa jua. Nikaitoa chupa kwenye mfuko, nikaiweka mezani.

"Mama, ile ahadi nimeivunja."

Mama akaitazama chupa muda mrefu. "Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Unaona vizuri?"

"Naona, Mama."

Hakusema kingine. Mjomba ndiye aliyeita kutoka nje, "Ni nini hiyo? Lete hapa." Mama akasema, "Hanywi." Mjomba akajibu kuwa hajasema anataka kunywa. Nikamimina kidogo kwenye glasi, nikamshikisha.

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza puani taratibu, mbali kidogo, vile mimi ilinichukua mwezi kujifunza. "Molasi," akasema. "Ya ng'ombe." Akanusa tena. "Na mbao mpya. Na kuna ndizi mtu amezisahau."

Nikamuuliza swali ambalo miaka yote sikuwahi kuthubutu. "Mjomba, ile ya siku ile ilikuwa na ladha gani?"

Akafikiri. "Ilikuwa nzuri," akasema. "Ilikuwa laini hata kuliko ya kawaida. Nilimwambia mwenye duka leo umeleta kitu safi."

Akanirudishia glasi. Mama akaichukua, akamwaga iliyokuwamo kwenye ndoo ya mabua ya ng'ombe, akaisuuza, na akaniuliza kama nitakula hapo au nina haraka ya matatu.

Nimekula. Usiku niliporudi Nakuru nilibadilisha jedwali: safu ya maelezo haikubali tena kubaki tupu, hifadhidata inakataa mstari. Kisha nikaingiza mstari wa 32. Kinywaji: Appleton Estate. Mililita: 0. Maelezo: molasi ya ng'ombe, mbao mpya, ndizi zilizosahauliwa. Pua ya mjomba.