Babu na Mbayuwayu wa Houston: Misimu Mitatu ya Kumsubiri Mgeni

Ilikuwa asubuhi moja mwanzoni mwa Machi. Binti ndiyo kwanza katoka zamu ya usiku hospitalini, hata viatu hajavua vizuri, akasikia mlango wa chumba unagongwa. Baba yake alikuwa amesimama nje, kofia ya sala kichwani, anahema. Moyo wa binti ukapiga paa. Mzee wa miaka 69, presha anayo, unafikiria nini tena?

"Amekuja," mzee akasema.

"Nani, baba?"

"Mgeni."

Wakatoka wote hadi uani. Juu ya mlingoti, kwenye mdomo wa kibuyu cheupe, alikaa ndege mmoja mweusi anayemeta rangi ya bluu iliyokolea. Kabla binti hajasema kitu, mzee alishaweka kidole mdomoni: usiongee.

Kumwelewa mzee yule kwa nini alikuwa anatetemeka, lazima kurudi nyuma miaka miwili na nusu.

Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kondoa, mkoani Dodoma, mpaka alipostaafu. Mkewe alipofariki, binti aliyekuwa nesi Houston, Texas, akaona baba hawezi kubaki peke yake. Akashughulikia makaratasi, baba akapanda ndege Septemba. Ndugu wote walisema mzee ameukata, amekwenda Marekani. Wangemwona wasingesema hivyo.

Wale wenye wazazi waliohamia kwa watoto ng'ambo wanalijua hili. Asubuhi kila mtu anaondoka. Binti kazini, mkwe ni dereva wa lori la masafa marefu, siku nne hayupo, mjukuu wa miaka tisa shuleni. Mzee anabaki na ukuta na televisheni. Nje hakuna kijiwe, hakuna wa kumsalimia "shikamoo". Mjukuu naye akirudi Kiswahili chake ni cha "sawa babu" na "hapana babu", basi. Maneno yakiisha, kila mmoja anaangalia kwake. Kila jioni mzee alikuwa na wimbo mmoja: "Mwanangu, nirudishe nyumbani."

Siku moja ya Novemba alitoka kutembea kidogo. Nyumba ya tatu kutoka kwao akaona kitu kilichomfanya asimame: vibuyu. Vibuyu kabisa, kama vya mtindi kule kwao, vimepakwa rangi nyeupe na kuning'inizwa juu ya mlingoti. Mzee wa Kimarekani alikuwa anavishusha ili avisafishe. Wakatazamana. Mzee wetu akaonyesha kidole, akasema, "Mmumunye!" Mwenzake hakuelewa, lakini alicheka.

Jioni ile akamrudia na mjukuu awe mkalimani. Ndipo akapata habari kamili.

Kumbe vibuyu vile ni nyumba za ndege. Kuna aina ya mbayuwayu wakubwa ambao Wamarekani wanawaita Purple Martin. Ndio wakubwa kuliko mbayuwayu wote wa Amerika Kaskazini, kama sentimita 20 kwa urefu. Kipupwe cha kule wanakikimbia, wanakwenda kuishi Amerika Kusini, Brazil na majirani zake. Huko Texas wanaanza kurudi mwishoni mwa Januari na Februari, wanazaa, halafu katikati ya mwaka wanaondoka tena.

Jambo lililomgusa mzee ni hili: upande wote wa mashariki ya Milima ya Rocky, ndege hawa karibu wote wanazalia kwenye nyumba walizotengenezewa na binadamu. Zamani walitumia matundu ya miti yaliyochimbwa na vigong'ota. Lakini kabla Wazungu hawajatia mguu kule, wenyeji kama Wachoctaw na Wachickasaw walikuwa tayari wanawaning'inizia vibuyu vijijini mwao. Karne kwa karne ndege wakazoea, wakahamia kwa watu moja kwa moja. Leo watu wasipotundika nyumba, ndege hana pa kutagia.

"Mbayuwayu wa kwetu hujijengea mwenyewe kwa tope chini ya paa," mzee akamwambia mjukuu. "Huyu wa huku anangoja akaribishwe. Sasa sisi tutakaaje bila kumkaribisha?"

Msimu wa kwanza walinunua vibuyu vinne vikavu. Mzee akavitoboa mlango mwenyewe, tundu la milimita 54, na vitundu vidogo chini vya kutolea maji. Vikapakwa rangi nyeupe ili jua la Texas lisiwapike watoto ndani. Kisha akavitundika mahali palipomfaa yeye, karibu na mti mkubwa wa mwaloni nyuma ya nyumba, ili avitazame akiwa kivulini.

Wakaja shomoro. Shomoro tu. Ndege hawa asili yao si Marekani, waliletwa kutoka Uingereza miaka ya 1850 wakaachiwa Brooklyn. Wenzao, kwenzi wa Ulaya, waliachiwa Central Park ya New York mwaka 1890, wakasambaa nchi nzima. Wote wawili wanapenda matundu, na wote ni wababe. Shomoro anatoboa mayai ya mwenzake na kujaza nyasi juu yake. Sheria ya shirikisho inawalinda mbayuwayu, lakini shomoro na kwenzi haiwalindi, kwa hiyo kutoa viota vyao inaruhusiwa.

Basi kazi ya mzee ikawa hiyo. Asubuhi anatoa nyasi, jioni zimerudi. Februari mpaka Juni, hakuna mbayuwayu hata wa kuuliza njia.

Alikuwa na daftari. Mwalimu ni mwalimu tu, hata akistaafu. Alilichora kama daftari la mahudhurio, tarehe upande mmoja, vibuyu vinne juu. Kila siku aliandika neno moja: hayupo, hayupo, hayupo. Mkwe akiwa nyumbani alikuwa akilifungua na kucheka chinichini. "Mzee wangu, hawa ndege si walishahama mtaa?" Mzee alikuwa hajibu.

Ni yule jirani aliyekuja kumwambia kosa lake. Mbayuwayu hawa wanaruka kwa kasi na wanaogopa mwewe. Hawataki mti karibu, angalau futi 40 pawe wazi kuzunguka mlingoti. Lakini nyumba ya watu wanaitaka karibu, kwa sababu palipo na watu, maadui wanapungua. Kwa hiyo mlingoti ukae katikati ya uwanja. Na katikati ya uwanja, binti alikuwa ameshapanga kuweka meza na jiko la kuchomea nyama.

Hapo palikuwa na mvutano kidogo. Binti alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimwambia mumewe, "Nyama tutachomea pembeni. Tangu mama afariki sijamwona baba akitaka kitu."

Msimu wa pili ukaanza na mlingoti wa futi 14 wenye kapi na kamba, vibuyu vinapanda na kushuka kama bendera ya shule. Jirani akawafundisha pia ujanja wa alfajiri. Madume wakubwa wa ndege hawa huimba angani kabla hakujakucha, na inaaminika wimbo ule huwavuta wenzao wageni wanaotafuta makazi. Watu wameurekodi. Mzee anaamka kwa sala ya alfajiri, akimaliza anakwenda uani na spika ndogo, anaufungulia wimbo kwa sauti ya kiasi. Mjukuu akaanza kuamka naye siku za mapumziko, kwa sababu ya spika zaidi kuliko ndege.

Jambo lingine alilojifunza: ukiwa mgeni kwenye fani, usitegemee ndege wakubwa wa Februari. Hao wana kwao, wanarudi walikozoea. Wanaoanzisha makazi mapya mara nyingi ni vijana wa mwaka mmoja, na vijana wanachelewa, wanafika Machi, Aprili, hata Mei. Wengi wanakata tamaa Machi na kufunga vibuyu. Hapo ndipo wanapokosa.

Aprili akaja kijana mmoja, dume, kifua bado cha kijivu chenye madoa meusi. Akaingia kibuyu cha pili. Akatoka, akaimba. Daftari likaandikwa "yupo" kwa mara ya kwanza, na mjukuu ndiye aliyeandika. Siku sita akaimba akiita jike. Jike hakutokea. Siku ya saba akaondoka.

Yaani ilikuwa kama msiba mdogo. Mzee hakula vizuri. Ule wimbo wa zamani ukarudi: "Nirudishe nyumbani." Safari hii binti hakubisha. Wakakubaliana: msimu mmoja tu wa mwisho, halafu Julai atakatiwa tiketi ya kwenda, kurudi hakuna. Binti alilia jikoni maji ya bomba yakiwa wazi.

Ndipo ikafika ile asubuhi ya Machi. Dume mzima sasa, mweusi kifua chote. Mzee anaapa ni yule yule kijana wa mwaka jana aliyekua. Pete mguuni hakuwa nayo, hakuna wa kuthibitisha, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Baada ya wiki mbili akawa na jike. Aprili wakaja vijana wawili wengine, wakachukua kibuyu cha nne.

Kila baada ya siku tano vibuyu vilishushwa taratibu kukaguliwa. Ule uzushi kwamba ukigusa kiota mama anakikimbia haupo kwa hawa, wamezoea watu. Mjukuu akachungulia kibuyu cha pili, akapiga kelele, "Babu, mayai tano!"

"Matano," mzee akasema. "Yai moja, mayai matano. Ndege wamoja au ndege mmoja?"

"Mmoja."

"Haya, andika."

Ndivyo Kiswahili kilivyoingia nyumba ile, kwa ngeli za mayai, majani na mabawa. Mtoto aliyekuwa na "sawa babu" tu sasa alikuwa anabishana na babu yake kama ni "kinda wamefumbua macho" au "makinda yamefumbua macho".

Mkwe naye akaanza kunogewa. Akawatangazia madereva wenzake kwamba ndege wa mzee wanakula mbu 2,000 kwa siku. Mzee akamrudisha darasani: kuna ule msemo wa mbayuwayu, akili za kuambiwa changanya na zako. Mbu anatoka jioni na usiku, anaruka chini. Ndege hawa wanawinda mchana, juu sana. Wanachowaletea watoto ni kereng'ende, vipepeo, nzi, nyigu, mende wenye kuruka. Mbu wa Houston wapo palepale, jipake dawa.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja mkwe alichoahidi tangu Februari na hakukifanya: bati la mviringo la kuvisha mlingoti, la kuzuia nyoka na rakuni. Bati lilinunuliwa, likakaa gereji. Leo nimechoka, kesho nina safari. Nyoka wa Texas wanapanda mlingoti kama hawana akili nzuri. Usiku mmoja katikati ya Mei mmoja alipanda. Asubuhi kibuyu cha nne kilikuwa kitupu, mayai manne yamekwenda, na jike hakuonekana tena. Dume kijana alizunguka mlingoti siku nzima.

Mkwe alirudi kutoka safari jioni ile akakuta mjukuu, yaani mwanawe, analia. Akamwangalia mzee akitegemea maneno. Mzee alisema tu, "Karibu, baba. Pole na safari."

Maneno yale yalimchoma kuliko matusi. Hakuoga, hakula. Alichukua tochi, akaingia gereji, na mpaka saa tano usiku bati lilikuwa limefungwa. Mzee alitoka akamshikia tochi. Hakuna aliyeongea habari za nyoka. Waliongea habari za Kondoa, na ilikuwa mara ya kwanza mkwe kuuliza.

Kibuyu cha pili mayai manne kati ya matano yalianguliwa mwanzoni mwa Mei. Siku 28 baadaye, mwanzoni mwa Juni, makinda yakaanza kuruka. La mwisho lilikaa mlangoni asubuhi nzima. Mama yake alikuja na kereng'ende mdomoni, akakaa mbali kidogo ili lifuate. Familia nzima ilikuwa uani, binti akiwa na sare za kazi, ameshachelewa. Liliporuka, mzee alipiga makofi mawili kama anavyompongeza mwanafunzi, akaingia ndani kufuta macho.

Julai walikwenda Stafford, pembeni mwa Houston, kuona ndege hawa wanavyokusanyika jioni kabla ya safari. Wanatua kwenye miti ya maegesho ya maduka, maelfu kwa maelfu, mpaka anga inafanya giza. Alfajiri wakiondoka kwa mkupuo, rada za hali ya hewa zinawaonyesha kama pete inayotanuka. Mzee alitazama juu muda mrefu. Njiani akasema, "Tiketi yangu mmeshakata?"

"Bado, baba."

"Kateni ya kwenda na kurudi. Nirudi kabla ya Februari. Nani atatoa nyasi za shomoro?"

Binti aliendesha bila kujibu, kwa sababu sauti ilikuwa haitoki.

Mzee yupo Kondoa sasa, kwenye shamba lake, na amepanda mimumunye mstari mzima. Daftari lilibaki Houston kwa mjukuu, na maelekezo kurasa tatu. Wiki iliyopita walikuwa wanaongea kwa video, mtoto akamsomea alichoandika. Kibuyu cha kwanza, hayupo. Cha pili, hayupo. Cha tatu na cha nne, hayupo. Chini kabisa alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: Babu, hayupo.

Mzee akamkatiza palepale.

"Futa hilo la mwisho. Mwanafunzi aliyeaga huwa hatuandiki hayupo. Andika: ana ruhusa."