Sori Isiyouma

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, na ni mzee wa kanisa. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini mtu akijikwaa tunamwambia sori, wakati si sisi tuliomwangusha?"

Nilimjibu kwamba sisi tunalitumia kama "pole", na kwamba mgeni kutoka Uingereza angeweza kushangaa kuombwa radhi na mtu asiye na kosa. Jioni nikafungua kamusi ili nijiridhishe. Nilidhani "sorry" limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni. Kumbe sivyo. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa "sarig", ndugu wa neno "sore": kidonda, mahali panapouma. Aliyekuwa "sarig" alikuwa mtu mwenye maumivu. Maana ya kuomba radhi ilikuja baadaye. Basi anayemwambia sori mtu aliyejikwaa hakosei sana. Amerudi karibu na shina la neno.

Nilifunga kamusi, lakini usingizi haukuja.

Miaka miwili kabla ya hapo, mdogo wangu alikuwa akinitumia fedha kutoka mjini nimjengee nyumba kijijini. Nilinunua matofali, fundi akajenga msingi. Kisha ada za watoto zikanibana, nikachukua laki nane za saruji na mabati, nikijiambia nitarudisha. Alipokuja Krismasi akakuta msingi umeota majani. Nikamwambia, "Sori sana, mdogo wangu." Alinyamaza. Kesho yake akaondoka, na simu zikapungua. Mimi nikaona ananionea: si nimeshaomba msamaha? Nikaendelea kusimama mbele ya washarika na kuongoza maungamo.

Usiku ule niliona kwamba sori yangu haikuwa na kidonda ndani yake. Niliisema ili yeye anyamaze na mimi nisiumie. Nikamkumbuka Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19. Yule hakuishia kwenye maneno matamu. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Toba yake iligusa mfuko. Lakini tuangalie mpangilio: Yesu alikuwa amesema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti moja. Neema ilitangulia, na ndiyo iliyompa nguvu ya kukubali kuumia.

Niliuza ng'ombe mmoja, nikapanda basi. Nilipofika kwa mdogo wangu niliweka laki tano mezani, nikasema, "Nilikuibia." Neno hilo lilikuwa gumu kutoka kuliko sori zangu zote. Alizihesabu polepole.

"Bado laki tatu, kaka," akasema. Kisha akamwita mkewe alete chai.

Hizo laki tatu ninaendelea kuzilipa kidogo kidogo, na kila mwezi zinauma. Ninamshukuru Mungu kwamba zinauma.

Ndugu msomaji, kama yupo uliyemwambia sori na bado yuko kimya, usiharakishe kumlaumu kwamba hasamehi. Jiulize kwanza kama neno hilo lilikuuma ulipolisema.